Fundi na Mnakili

Asubuhi za Gesima zina baridi ya kuuma. Jua halijachomoza juu ya mashamba ya chai, wachumaji wameshapita barabarani na vikapu mgongoni, na jikoni kwa nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita magokoro, sufuria ya chai ya maziwa imeshachemka mara ya pili. Likizo ya Desemba nilimfikia na kipimajoto nilichoazima katika maabara ya shule ninakofundisha biolojia. Chai ilipomiminwa kikombeni ilikuwa nyuzi 84. Magokoro alipiga funda la kwanza ikiwa nyuzi 73, bila hata kupuliza. Nikamuuliza kama haimchomi.

"Mjukuu wangu," akasema, "chai ikishapoa ni maji ya kusuuza vikombe."

Sikuja na kipimajoto kwa utundu tu. Gesima iko Nyamira, ndani ya ukanda unaoanzia Ethiopia na kuteremka kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio, ile inayoziba njia ya chakula, huwapata watu wengi kuliko kawaida ya dunia. Ukivuka Borabu ukaingia Bomet utaikuta hospitali ya Tenwek, ambayo imewapokea wagonjwa hawa kwa miongo kadhaa. Mwaka 2002 madaktari wake waliandika katika jarida la Lancet kwamba ugonjwa huu ni wa kawaida hata kwa vijana wa Bomet. Mwaka 2010 wakachapisha habari za wagonjwa 109 waliougua wakiwa na umri wa miaka 30 au chini ya hapo.

Kila mtu ana maelezo yake. Matangani utasikia kwamba ni mkono wa mtu, au ni ugonjwa wa ule ukoo. Magazeti yanasema ni chai moto, kana kwamba ndani ya majani tunayoyapeleka kiwandani mna sumu. Mimi naona tumeanza na swali la pili tukaliruka la kwanza. Kabla ya kuuliza ni nini kinachoharibu, tuulize kwa nini wengi wetu hatuugui, maana DNA ya kila mmoja wetu inaharibika kila siku, hata ya yule anayekunywa maji baridi na hajawahi kukaa karibu na moshi wa kuni.

Mtu aliyelitambua hilo vizuri ni Tomas Lindahl wa Sweden. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanasayansi wengi waliichukulia DNA kuwa kitu imara kama jiwe, kwa sababu ndiyo inayobeba urithi wa viumbe. Lindahl aliiweka katika maji, akapima kinachotokea. Inabomoka. Maji yenyewe yanaitafuna. Katika seli moja ya binadamu, ndani ya siku moja, herufi zipatazo 10,000 hukatika na kudondoka kutoka kwenye uzi wake, na mamia ya nyingine hugeuka zikawa kitu kingine. Kwa kasi hiyo uhai usingewezekana. Kwa hiyo, akasema Lindahl, lazima kuwe na fundi anayerekebisha, na akaanza kumtafuta.

Tumtazame fundi huyo kwa karibu, kwa sababu atarudi mara kadhaa katika habari hii. DNA imeandikwa kwa herufi nne: adenini hukaa mkabala na thimini, na guanini mkabala na sitosini. Sitosini ina udhaifu wake: ikipoteza kipande kidogo chenye naitrojeni, jambo linalotokea lenyewe tu, inageuka urasili. Urasili si herufi ya DNA. Ni herufi ya RNA, binamu yake wa muda mfupi. Mwaka 1974 Lindahl alitangaza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kupita juu ya uzi kikitafuta urasili. Kikiipata, kinaigeuza herufi hiyo nje ya ngazi, kinaikata, na kuacha pengo. Kimeng'enya kingine kinakata uti wa uzi penye pengo, cha tatu kinasoma herufi iliyo mkabala, ambayo bado ni guanini, na kujaza sitosini mpya. Cha nne kinafunga uzi. Kazi imekwisha na hakuna kovu. Hapa pia ndipo linapojibika swali ambalo wanafunzi wangu huuliza kila mwaka, kwa nini DNA inatumia thimini ilhali urasili ni rahisi zaidi kutengeneza. Kama urasili ingekuwa herufi halali ya DNA, fundi asingejua ipi ni ya halali na ipi ni sitosini iliyoharibika.

Sasa fikiria fundi amechelewa. Kabla hajafika, seli imeanza kugawanyika na mnakili, yaani kimeng'enya kinachonakili DNA, anapita. Mnakili akiikuta urasili anaisoma kama thimini, na mkabala wake anaweka adenini. Katika mzunguko unaofuata adenini hiyo inavuta thimini. Palipokuwa na sitosini na guanini sasa pana thimini na adenini, jozi halali kabisa, na fundi akipita hapo hana cha kushuku. Ni kama hati ya shamba iliyokosewa mpaka. Kosa likiwa bado kwenye rasimu, karani hulifuta kwa kalamu. Likishanakiliwa katika daftari la ardhi na kupigwa mhuri, ndugu watapelekana kortini miaka 20, na kila nakala watakayoomba itathibitisha kosa lile lile.

Tofauti hii kati ya uharibifu na badiliko ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha suala zima, na ndiyo inayopotea katika habari nyingi za saratani. Uharibifu unaponyeka. Badiliko haliponyeki, kwa sababu hakuna tena cha kulinganisha nalo. Uthabiti wa jenomu ni mbio kati ya fundi na mnakili, na kinachoamua ni nani amefika kwanza.

Nisimwonee mnakili. Kila seli ina herufi bilioni 6 na ushei, uzi wa takriban mita 2 uliokunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho, na anapaswa kuunakili wote kwa muda wa saa chache. Akiachwa peke yake angekosea takriban mara moja katika kila herufi 100,000. Lakini husoma alichoandika na kufuta papo hapo, na nyuma yake hupita kundi jingine la mafundi wanaokagua jozi zisizoafikiana. Paul Modrich wa Marekani ndiye aliyeonyesha namna kundi hilo linavyofanya kazi. Baada ya wote kupita, kosa linalobaki ni kama 1 katika herufi bilioni 1. Sijui ofisi ya serikali yenye rekodi hiyo. Lindahl, Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Sancar, mzaliwa wa Savur nchini Uturuki aliyewahi kuwa daktari wa kijijini, alishughulikia madhara ya jua. Mionzi ya urujuanimno huunganisha thimini mbili zilizo jirani, zikang'ang'aniana mpaka uzi ukapinda. Hapa hakutolewi herufi moja. Mafundi hukata kipande kizima, cha herufi kama 27 hadi 29 kwa binadamu, na kukijaza upya. Afrika Mashariki tunaijua gharama ya kazi hiyo kuliko wengi. Mtu mwenye ualbino ana mafundi wazima kabisa, wasio na kasoro yoyote. Asichokuwa nacho ni melanini ya kuzuia mionzi ngozini, na katika watu wetu chanzo mara nyingi ni pengo moja katika jeni iitwayo OCA2. Kazi inayowafikia mafundi wake kwa siku moja ya jua la ikweta inawazidi. Upande wa pili wapo watoto wachache wanaozaliwa na maradhi ya xeroderma pigmentosum. Hao wanaweza kuwa na melanini ya kutosha, lakini fundi wa kukata kipande kile hayupo au ni kilema, kama James Cleaver alivyogundua huko San Francisco mwaka 1968. Mmoja kazi imemzidi fundi, mwingine fundi hakuja kazini, na wote wawili mara nyingi wanaishia kwa daktari wa saratani ya ngozi wakiwa vijana. Kwa huyo wa kwanza kinga ni rahisi kiasi cha kutia aibu: kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi, Tanzania. Mafuta hayo hayamwongezei fundi nguvu. Yanampunguzia foleni.

Kuna uharibifu mbaya zaidi ya huo, pale nyuzi zote mbili zinapokatika. Hapo hakuna upande mzima wa kusoma. Seli inaweza kuazima nakala kutoka kromosomu dada, kazi inayohitaji protini za BRCA1 na BRCA2 ambazo wanawake wengi wamezisikia kwa sababu ya saratani ya matiti, au inaweza kushika ncha zozote zilizo karibu na kuzigandisha. Kugandisha ndiko kunakoleta balaa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Ndani ya uvimbe huo kipande cha kromosomu 8 kwa kawaida kimeunganishwa pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu 14, na jeni inayohimiza ukuaji imewekwa mahali ambapo haizimwi. Aliyekata ni seli yenyewe. Seli za kinga zina kimeng'enya cha kubadilisha kingamwili, nacho hufanya kazi kwa kugeuza sitosini kuwa urasili. Ndiyo, urasili ile ile. Malaria ya kurudiarudia inaziweka seli hizo kazini muda mrefu, silaha ikiwa mkononi. Burkitt aliposafiri Afrika Mashariki aligundua kwamba ugonjwa huo hupungua kadiri unavyopanda milimani. Kwa hilo, baridi ya Gesima imetuhurumia.

Kwenye umio haijatuhurumia. Hapo washukiwa ni wengi, na wa kwanza kupimwa vizuri ni pombe. Chang'aa na busaa zikiingia mwilini hugeuka asetaldehaidi, na mursik, maziwa ya kuchachusha ya majirani zetu Wakipsigis, nayo imepimwa ikakutwa na asetaldehaidi. Asetaldehaidi hufunga nyuzi mbili za DNA pamoja kama zipu iliyonasa, na mnakili akifika hapo hakuna njia. Mtu aliyetuonyesha jinsi seli inavyojinasua ni mzaliwa wa Kenya, KJ Patel, aliyefanya kazi hiyo Cambridge kabla ya kuhamia Oxford. Mwaka 2011 yeye na wenzake walionyesha kwa kutumia panya kwamba ulinzi una safu mbili: kimeng'enya kinachoisafisha asetaldehaidi kabla haijafika kwenye DNA, na nyuma yake mafundi wanaokosekana kwa wagonjwa wa maradhi ya kurithi yaitwayo Fanconi, wanaofungua zipu. Safu zote mbili zikiondolewa, panya hawawezi kuvumilia pombe hata kidogo. Mwaka 2018 kundi hilo likaonyesha kromosomu za seli shina za damu zikivunjika baada ya panya kama hao kupewa pombe. Wazee wetu wanaokunywa amarwa, yaani pombe ya kienyeji, hawana upungufu huo, hivyo nisiseme kila kikombe kinavunja kromosomu. Lakini kila kikombe kinamletea fundi kazi.

Baada ya hapo ungetarajia jibu lipatikane kwa kusoma jenomu za uvimbe wenyewe. Kila kiharibifu huacha mwandiko wake. Sigara ina mwandiko wake, jua lina wake, na aflatoksini ya mahindi yenye kuvu hupenda kugonga herufi moja maalumu ya jeni ya p53 katika ini. Kwa hiyo watafiti wa nchi mbalimbali walikusanya uvimbe wa umio 552 kutoka nchi 8, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi kwa upande wetu, na Iran, China, Brazil, Japani na Uingereza. Baadhi ni nchi ambako ugonjwa umejaa, baadhi ni nchi ambako ni wa nadra. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na mimi nikayasoma mara mbili nikidhani nimekosea. Miandiko ya sehemu zote ilifanana. Tumbaku, pombe na kasumba zilionekana, lakini kwa uzito mdogo. Hapakuwa na mwandiko hata mmoja wa kitu cha nje unaoweza kueleza kwa nini Kenya inaugua kuliko Uingereza.

Kilichoonekana karibu kila mahali, katika asilimia 88 ya uvimbe wote, ni mwandiko wa vimeng'enya viitwavyo APOBEC. Hivi ni silaha ya seli dhidi ya virusi, ndugu wa kile kimeng'enya cha kingamwili, na kazi yao, utakuwa umeshakisia, ni kugeuza sitosini kuwa urasili.

Wapo waliosema matokeo hayo ni pigo, kwamba mamilioni ya dola yamekwenda na mhalifu hajapatikana. Mimi nayaona kinyume. Tulikuwa tunamtafuta mtu aliyechora ukutani, na uchunguzi ukatuambia kwamba mchoro ni wa mwenye nyumba. Kitu kinachotuponza katika ukanda huu huenda hakiandiki chochote. Huenda kazi yake ni kumharakisha mnakili.

Hapo ndipo chai ya magokoro inaporudi mezani. Joto la nyuzi 73 haliwezi kubadilisha herufi ndani ya kiini. Linachofanya ni kuunguza tabaka la juu la umio, kama mvuke wa sufuria unavyobabua mkono. Tabaka hilo lazima lijengwe upya, na seli za chini hujigawa ili kulijenga. Kesho asubuhi tena, na keshokutwa. Kila mgawanyiko ni mnakili kupita, na kila anapopita, urasili zote ambazo fundi hajazifikia zinapigwa mhuri. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipoviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, mwaka 2016, halikulaumu chai wala kahawa. Lililaumu joto. Kwa panya, maji ya moto yaliongeza uvimbe pale walipokuwa wamepewa pia kemikali ya saratani: mmoja anachafua rasimu, mwingine anaharakisha mhuri.

Ushahidi wa binadamu uko karibu na sisi. Eldoret, katika utafiti ambao Diana Menya wa Chuo Kikuu cha Moi alikuwa miongoni mwa viongozi wake, wagonjwa zaidi ya 400 wa saratani ya umio walilinganishwa na watu wasio nayo. Waliosema hunywa vinywaji vya moto sana walikuwa katika hatari ya zaidi ya mara 3 ya wale wanaokunywa vuguvugu. Utafiti huo huo umezihusisha pia pombe, meno yenye madoa ya floridi na afya mbaya ya kinywa, na sioni sababu ya kuchagua mmoja kati ya hao. Moshi wa kuni jikoni nao una kemikali zinazong'ang'ania DNA. Umio uliobabuka kila siku ni mlango usio na komeo kwa wote.

Kinachomzuia fundi asishindwe mapema katika mbio hizi ni protini ya p53. Fundi akizidiwa, p53 humsimamisha mnakili kama askari aliyeweka kizuizi barabarani, na mambo yakiharibika kabisa huiamuru seli ife. Tembo wa Mara hapo jirani wana nakala 20 za jeni hii, sisi tuna moja tu kwa kila seti ya kromosomu, na huenda ndiyo sababu mnyama mwenye seli nyingi kiasi kile haugui saratani mara kwa mara. Katika uvimbe wa umio, p53 karibu kila mara imeharibika. Na huhitaji kusubiri uvimbe ili kuiona hali hiyo: mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichunguza umio wa watu 9 wasio na saratani hiyo, wakakuta kwamba kwa watu wa makamo sehemu kubwa imeshatawaliwa na vikundi vya seli zenye mabadiliko, baadhi vikiwa vya p53. Umio unaoonekana mzima ni shamba lililokwisha kugawanywa kimyakimya.

Hata tiba inacheza mchezo huo huo. Mionzi hukata nyuzi zote mbili, na dawa ya sisplatini huzifunga kama asetaldehaidi inavyofanya. Seli ya saratani, iliyomfukuza askari wake na inayonakili bila kupumzika, inakutwa na kazi isiyoiweza. Ila wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti, na wanachopewa ni bomba la waya la kuupanua umio ili wapate kumeza.

Wale vijana 109 wa Tenwek ndio wanaonisumbua. Hoja ya mbio inamfaa mtu wa miaka 60 aliyeunguza umio asubuhi 20,000. Kijana wa miaka 25 hajafikisha hata nusu ya asubuhi hizo. Ama mnakili wake alianza kukimbizwa akiwa mtoto wa kunyweshwa uji moto, ama fundi wake alizaliwa na upungufu ambao bado haujapewa jina.

Siku ya kuondoka niliweka vikombe viwili dirishani, kimoja cha chai ya maziwa na kimoja cha chai ya rangi, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba waliopima hivyo Kilimanjaro walikuta watu wakinywa chai katika nyuzi kama 70, na kwamba ya rangi hupoa haraka zaidi. Ilikuwa kweli. Chai ya rangi ilifika nyuzi 60 wakati ile ya maziwa, chini ya utando wake, ingali 69. Magokoro alisimama nyuma yangu akisoma namba pamoja nami, akaniuliza ipi ndiyo salama. Nikamwonyesha ya rangi. Akaichukua, akaionja, akaimwagia kuku, kisha akashika ile ya maziwa kwa viganja vyote viwili na kukaa nayo mlangoni, bila kunywa, akitazama majani yakipimwa upande wa pili wa barabara.